Chai ya kijani yaingia Tala: Je, yaweza kuutibu moyo?

UKITOKA Nairobi kwa barabara ya Kangundo, ukapita Ruai, Kamulu, Joska na Malaa, ukaliacha nyuma jabali la Koma na soko la Nguluni, utaingia Tala kabla hujafika Kangundo kwenyewe. Ni mwendo wa kama kilomita 60. Siku ya soko utausikia mji kabla ya kuuona. Na siku hizi sauti inayozishinda zote si ya mwuza nyanya wala ya makanga wa matatu, bali ni ya kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari dogo la mwuza dawa. Zamani gari kama hilo lilitangaza dawa ya panya na ya minyoo. Sasa linatangaza dawa ya unene.

Nilipoteremka pale, kijana mmoja aliyevaa koti jeupe mfano wa daktari alikuwa ameinua juu pakiti ya rangi ya kijani. Chai hii, alikuwa akisema, yatoka ng'ambo. Yayeyusha mafuta ya tumbo kama jua liyeyushavyo samli, yafungua mishipa iliyoziba, na mwenye presha akiinywa asubuhi na jioni hatakuwa na haja ya vidonge tena. Watu walicheka alipokigusa kitambi cha mzee mmoja aliyesimama karibu, lakini walinunua. Nami nilicheka. Sikujua kwamba pakiti kama hiyo ilikuwa imenitangulia kule nilikokuwa nikienda.

Shangazi yangu anakaa nje kidogo ya mji, katika shamba dogo la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Ana umri wa miaka 66, naye ni mtu mnene, wa unene ule ambao kwetu huitwa afya. "Wimuseo?" alinisalimu mlangoni, nikamjibu, tukaingia. Badala ya chai ya maziwa niliyoizoea kwake tangu utoto, akaniwekea mbele kikombe cha maji yenye rangi ya majani makavu. Nilionja. Yalikuwa machungu kama shubiri.

"Hiyo ndiyo dawa yangu sasa, mwanangu," alisema. "Vidonge nimeviweka kabatini."

"Tangu lini, shangazi?"

"Wiki ya tatu hii. Vilikuwa vikiniamsha usiku kucha kwenda chooni. Na kila mwezi ni nauli, ni foleni. Haya ni majani tu."

Kesho yake asubuhi nilimbembeleza mpaka akakubali twende zahanati. Muuguzi alimzungushia kitambaa cha mashine mkononi, akapima, akasubiri dakika chache, akapima tena. Ilikuwa 178 kwa 104. Daftari lake la zamani lilionyesha kwamba alipokuwa akimeza vidonge sawasawa presha ilikuwa ikicheza karibu na 140. Muuguzi hakumgombeza. Aliuliza tu kama kuna mtu mzima wa kulala naye nyumbani usiku ule.

Swali hilo ndilo lililonifanya nirudi Nairobi na kuanza kusoma. Maana yule kijana wa koti jeupe hakusema uongo mtupu, na hapo ndipo penye hatari. Uongo mtupu hukamatwa upesi. Uliochanganywa na ukweli ndio unaoingia mpaka kabatini na kuvisogeza vidonge nyuma ya sahani.

JANI NI LILE LILE

Kwanza, habari ya ng'ambo. Nilipoigeuza pakiti ya shangazi na kuyasoma maandishi madogo ya chini, niliona kwamba majani yale yalichumwa Kenya hii hii. Chai nyeusi na chai ya kijani ni mti mmoja, ule ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Ulipandwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii huko Limuru mwaka 1903. Makampuni makubwa yakaingia Kericho katika miaka ya 1920. Na mwaka 1964 serikali ikaunda shirika la KTDA ili wakulima wadogo nao wapate viwanda vyao.

Tofauti haiko shambani, iko kiwandani. Jani la chai nyeusi hupondwa na kuachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi, kama kipande cha parachichi kilichosahauliwa mezani. Jani la chai ya kijani hupashwa moto au mvuke mapema, kabla hewa haijafanya kazi yake, kisha hukaushwa. Kwa sababu hiyo linabaki na wingi wa vitu viitwavyo katekini, ambavyo ndivyo vinavyoupa ulimi ule uchungu, na ndivyo wanasayansi wanavyoviangalia wanapozungumza juu ya moyo. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa vitu vingine vyenye rangi nyekundu na hudhurungi, navyo pia si vya kutupwa. Kenya huuza chai nyeusi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, lakini viko viwanda vyetu vinavyotengeneza ya kijani pia, na mwaka 2011 watafiti wa Kericho waliwapa wakulima hata mche wa chai ya zambarau. Basi anayelipa bei ya ng'ambo sokoni Tala na aulize kwanza.

Kuna kichekesho kidogo hapa ambacho siwezi kukiacha. Matungulu na Kangundo ni nchi ya kahawa tangu miaka ya 1950. Baridi kali ilipoiharibu mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda hivi kwamba wazee wa huku wanaizungumza miaka ya 1976 na 1977 mpaka leo kama watu wanaozungumza juu ya harusi. Lakini ingia nyumba yoyote iliyo katikati ya mikahawa hiyo, uone utapewa nini. Utapewa chai.

MTAWA NA WAPIMAJI

Imani kwamba chai chungu hutibu moyo si ya jana. Mwaka 1211 mtawa mmoja wa Kibudha wa Japani aitwaye Eisai aliandika kitabu kizima cha kuisifu chai kuwa dawa. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kiungo cha mwili kina ladha yake kiipendayo, na ladha ya moyo ni uchungu. Na kwa kuwa watu wa kwao hawakula vitu vichungu, mioyo yao iliugua. Msomaji asimcheke. Sisi wenyewe dawa isiyokunjisha uso hatuiamini sana, na ndiyo maana mwarobaini una heshima yake katika kila boma.

Karibu miaka mia nane baadaye Wajapani walikaa chini wakahesabu. Katika mkoa wa Miyagi, kaskazini mwa nchi hiyo, waliandikwa watu 40,530 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, tangu mwaka 1994, wakafuatwa mwaka baada ya mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi vya chai ya kijani kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 26 chini ya wale ambao hawakufikisha hata kikombe kimoja. Kwa wanawake tofauti ilikuwa asilimia 31, kwa wanaume 22. Hizo si takwimu za kudharauliwa, na bila shaka uvumi wake ndio uliofika mpaka kwenye kipaza sauti cha Tala.

Lakini kuhesabu si kujaribu. Ukipita Tala ukazihesabu nyumba zenye mabati yaliyopakwa rangi, huenda ukakuta kwamba wakaaji wake wana afya kuliko wenye mabati ya kutu. Je, rangi ya bati inatibu kifua? La. Mwenye fedha za rangi ana fedha za nyama, za daktari na za kupumzika. Vivyo hivyo mnywaji wa chai wa Miyagi huenda ana mambo mengine mema ambayo hayakuingia katika daftari, ingawa watafiti walijitahidi kuyaondoa katika hesabu yao. Tena Wajapani wale kwa jumla walikuwa watu wembamba, wanaokula samaki na mboga. Kumchukua mtu huyo ukamfanya shahidi wa mtu mnene wa Tala anayekula chapati kwa mafuta, ni kumwita shahidi ambaye hakuwapo.

Njia iliyo bora ni kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe chai, wale wapewe kitu kingine, kisha wapimwe wote. Hilo limefanywa mara nyingi. Mwaka 2012 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyachuja, lilitoa hesabu ya majaribio 18 ya chai ya kijani kwa watu wenye uzito uliozidi, jumla yao 1,945. Katika majaribio yaliyofanywa nje ya Japani, uzito uliopungua kwa wastani ulikuwa gramu 40.

Gramu arobaini, msomaji. Yai moja la kuku ni zito kuliko hapo. Samli ya yule kijana haikuyeyuka.

Kwa upande wa moyo habari ni nzuri zaidi kidogo. Mwaka 2013 shirika hilo hilo lilikusanya majaribio 11 ya chai nyeusi na ya kijani, yenye watu 821. Chai ya kijani iliteremsha yale mafuta mabaya ya damu yanayoganda katika mishipa, na presha, ile namba ya juu, iliteremka kwa kama alama tatu. Majaribio yalikuwa machache na mafupi, na wenyewe walisema hivyo. Lakini tuchukue kwamba ni kweli. Mtoe shangazi yangu alama tatu katika 178. Unabaki na 175. Kidonge kimoja cha kawaida, kwa wastani, huteremsha kama tisa, na wengi hupewa viwili au vitatu pamoja. Kupunguza uzito kwa kilo moja huteremsha kama alama moja. Kwa hiyo kazi yote ya chai ya kijani juu ya presha ni sawa na kupunguza kilo tatu: si bure, lakini haiwezi kusimama mahali pa vidonge.

Liko jambo moja ambalo wakulima wa kahawa hawatalipenda. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa Japani, wa watu 18,609 waliofuatwa kwa karibu miaka 19. Kati ya wenye presha kali, ya 160 kwa 100 na zaidi, waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kwa moyo na mishipa mara mbili ya wasioinywa. Chai ya kijani haikuongeza hatari hiyo. Nao pia ni uchunguzi wa kuhesabu, si wa kujaribu. Hata hivyo nilimwambia shangazi auze kahawa yake yote kwenye chama cha ushirika kama alivyofanya siku zote.

UNENE NA HESHIMA

Kutoka uani kwake, siku isiyokuwa na ukungu, Kilimambogo huonekana vizuri. Karibu na kilele chake amezikwa Sir William Northrup McMillan, mzaliwa wa Marekani aliyekuja kuwa mlowezi tajiri katika nchi hii. Ndiye aliyempokea Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909, na maktaba ya McMillan pale Nairobi ni ya kumbukumbu yake. Alikuwa mtu mnene kupita kiasi. Alifariki mwaka 1925, na inasimuliwa kwamba alitaka alazwe kileleni, lakini kuupandisha mwili wake mlima ule kukawashinda waliomchukua, wakamzika njiani. Watu wa huku huisimulia habari hiyo kwa kicheko chenye heshima. Hawasemi alikuwa mgonjwa. Wanasema alikuwa mkubwa.

Ukitaka kujua kwa nini, kumbuka kwamba nchi hii imeona njaa. Ile ya mwaka 1984 na 1985 Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nafa na fedha mkononi, kwa sababu fedha zilikuwapo na chakula cha kununua hakikuwapo. Miaka michache kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, madaktari wa kituo cha utafiti kilichokuwa Nairobi walifanya kazi kubwa katika maeneo ya Matungulu na Mbiuni, wakipita nyumba kwa nyumba. Kitabu chao kilitoka mwaka 1984. Waliyoyatafuta yalikuwa surua, kifaduro, kuhara, uzazi, na uzito mdogo wa watoto. Mtu aliyekua katika nyumba hizo hawezi kuuona mkono mnono akaogopa. Kisha ukaja ukimwi, na mtu akipungua kilo tano majirani hunong'ona. Shangazi yangu aliniambia waziwazi: anataka presha ishuke, lakini hataki kukonda mpaka kanisani waanze kumwuliza kama yu mzima.

Presha nayo ni mgeni huku. Daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Nyanza ya Kusini, aliandika mwaka 1929 kwamba katika muda wa kama miaka miwili walilazwa hospitalini kwake wagonjwa karibu 1,800 na hakupata hata mmoja mwenye presha iliyopanda. Linganisha na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015: kati ya Wakenya watu wazima, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha, na zaidi ya nusu walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake peke yao, asilimia 38.5.

Kupima unene hakuhitaji mashine kubwa. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi; 30 au zaidi, ni unene wa hatari. Shangazi alikuwa na kilo 86 na urefu wa mita 1.57. Jibu ni karibu 35. Mafuta yanayokaa tumboni, kati ya utumbo na ini, ndiyo mabaya kuliko yale ya mapaja: huchochea presha, huiharibu kazi ya mwili ya kutumia sukari, na huulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu mchana na usiku bila likizo, mpaka siku moja unachoka au mshipa wa kichwani unapasuka.

VIJIKO KUMI NA VITANO

Niliporudi Tala mara ya pili nilikaa siku tatu, nikafanya kazi ya karani. Niliandika kila kilichoingia katika kikombe cha kila mtu mle nyumbani. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kipaza sauti hakilisemi, pengine kwa sababu haliuzwi katika pakiti.

Kabla ya chai ya kijani shangazi alikuwa akinywa vikombe vitano vya chai ya maziwa kwa siku: alfajiri, saa nne, mchana, saa kumi, na usiku. Kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 15, kama gramu 60, na nguvu iliyomo inakaribia ya chapati moja nzima. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa zaidi mtu asipitishe kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita. Kwa mwaka mmoja shangazi alikuwa akinywa, si kula, kilo 22 za sukari. Pakiti 11 za kilo mbili mbili. Nilipomwonyesha hesabu alinyamaza, akaichukua kalamu yangu, akaipitia upya kama asahihishaye kazi ya mtoto wa darasa la nne. Ilikuwa sawa.

Chai ya kijani hainyweki kwa sukari vijiko vitatu na maziwa. Ukiitia hivyo inakuwa kitu kisichokuwa na jina. Kwa hiyo tangu ainunue pakiti ile, bila kujua, alikuwa ameondoa katika mwili wake vijiko kumi na vitano kila siku. Kama chai hii ina dawa kwa mtu mnene wa Tala, naona dawa kubwa ni hiyo: si kile kilichomo katika kikombe, ni kile kilichotoka. Na jambo hilo chai yetu ya rangi, turungi ya siku zote, yaweza kulifanya pia kwa bei ndogo zaidi, ikinywewa bila sukari.

Habari ya maziwa ina mabishano. Madaktari wa Berlin walichapisha mwaka 2007 jaribio la wanawake 16: chai nyeusi tupu iliilegeza mishipa yao ikapitisha damu vizuri, lakini ilipotiwa maziwa faida ile haikuonekana. Watu kumi na sita ni wachache, wala wataalamu wengine hawakukubaliana nao wote. Mimi nisingemnyima mtu maziwa kwa sababu hiyo.

Nani basi asiinywe ovyo? Mama mja mzito, na mtu mwenye upungufu wa damu, wasiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa chai, ya kijani na nyeusi, huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, mbaazi na mboga. Na muthokoi wetu hutegemea hayo. Ngoja saa moja baada ya kula. Anayemeza warfarin ya kuzuia damu isigande amwulize daktari wake kwanza, kwa sababu chai nyingi ya kijani yaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo. Asiyepata usingizi asiinywe jioni. Nayo tembe za chai ya kijani zinazouzwa kwenye makopo kwa ajili ya kupunguza mwili ni jambo jingine kabisa. Ndani yake katekini zimekamuliwa na kukusanywa. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya mwaka 2018 kwamba kiasi cha miligramu 800 kwa siku cha ile katekini kuu kimeonekana kuleta dalili za kuumia ini. Kikombe hakifanyi hivyo. Kopo laweza.

Na uchungu ule wa shubiri? Nusu yake ulikuwa kosa la upishi. Shangazi alikuwa akiyachemsha majani katika sufuria kama tulivyozoea kuchemsha chai ya maziwa, mpaka yatoe kila kitu. Chai ya kijani haipikwi. Maji yakishachemka huepuliwa, hungojwa dakika chache yapoe kidogo, ndipo humiminwa juu ya majani. Dakika mbili au tatu, kisha huchujwa. Alipojaribu hivyo alionja, akaonja tena, akasema sasa inafanana na maji yaliyopitia bustanini. Ilikuwa sifa, nadhani.

Vidonge vilitoka kabatini siku ile ile ya zahanati. Daktari alimbadilishia kile cha kumwamsha usiku, akamwambia akimeze asubuhi, jambo ambalo angeweza kuambiwa miezi mingi nyuma kama angeuliza, au kama angeulizwa. Anatembea mpaka sokoni na kurudi, badala ya kupanda pikipiki. Mara ya mwisho nilipolitazama daftari lake, miezi mitano tangu siku ile, alikuwa na kilo 82 na presha 142 kwa 86. Ni vidonge? Ni sukari? Ni miguu? Ni majani? Nilimwuliza muuguzi, akacheka, akasema yeye huandika namba tu.

Siku hiyo tulipokuwa tumekaa uani, alipita jirani mmoja, mzee wa kanisa, akakaribishwa kiti. Nilimwona shangazi akiinuka na kwenda jikoni, na kwa muda mrefu hakurudi. Alipotoka alikuwa na sinia: kwa mgeni kikombe cha chai ya maziwa iliyokoza, ikitoa povu, na kopo la sukari kando yake, kwake mwenyewe kile kikombe cha majimaji ya kijani. Mzee alitia vijiko vinne, akakoroga, akakitazama kikombe cha mwenyeji wake.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "unaumwa?"

"Siumwi," shangazi alijibu. "Kunywa chai yako kabla haijapoa."